Likizo ya Juni, watu saba, laki saba: Dar, Ukerewe au Ndabaka?

MamaDoto_Buhongwa

Habari za jioni wana jukwaa. Naomba mnisaidie kupima jambo, maana nyumbani tumekaa vikao viwili na hatujakubaliana.

Tuko saba: mimi na mume wangu, mama mkwe wangu mwenye miaka 71, mtoto wa kwanza miaka 13, mapacha miaka 9, na kitindamimba miaka 4. Shule zikifunga mwezi wa sita tunataka kutoka, hata kwa siku tatu. Tangu mapacha wazaliwe, safari zetu zote zimekuwa za misiba na harusi. Toka Septemba tumekuwa tukidumbukiza hela kwenye kibubu na sasa kuna laki saba. Haitaongezeka.

Mkubwa anataka Dar, kwenye yale mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi, Wet 'n' Wild. Rafiki yake alienda na picha zimezunguka darasa zima. Baba Doto anataka Ukerewe kwa meli, kwa sababu alisoma huko sekondari na hajarudi. Mimi nawaza Serengeti kwa geti la Ndabaka, ingawa kila ninayemwambia ananijibu Serengeti ni ya wazungu.

Mama mkwe hakutaka kusema. Nilipombana sana akaniambia, "Mimi tembo nimemwona mara moja tu, usiku, anakula mihogo yangu." Amezaliwa na kuzeeka upande wa Busega, jirani kabisa na hifadhi, na hajawahi kupita getini hata siku moja. Neno lile halijanitoka kichwani.

Nisaidieni kwenye malazi, nauli, punguzo la watoto, na chochote ambacho mtu hukijua baada ya kuumia.


BabaJunior_Tegeta

Dada, nimwunge mkono kijana wa miaka 13 kwanza, halafu nikupe hesabu mwenyewe uamue.

Kunduchi watoto wanafurahi mno, hilo halina ubishi. Wangu wanakwenda mara moja kwa mwaka. Siri ya kupata nafuu ni siku. Sikukuu na wikendi za likizo kunafurika, unalipa kamili na mtoto anapanga foleni kuliko anavyoteleza. Siku ya katikati ya wiki ni tofauti kabisa. La pili, piga simu kabla ya kwenda na uulize mambo matatu: bei ya mtoto inahesabiwa kwa umri au kwa kimo, kuna bei ya kundi au ya familia mwezi huo, na kama mnaruhusiwa kuingia na chakula chenu. Hilo la mwisho ndilo linalotoboa mfuko. Watu saba kula na kunywa ndani, kutwa nzima, kunaweza kuzidi viingilio. Kama kanisa au shule ya jirani inapanga safari, jiungeni nao, kundi kubwa hupewa bei yake.

Sasa nauli. Hata ukipanda basi hadi Dodoma ili umalizie kwa treni ya SGR, daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kwako wenye nauli kamili ni wanne (huyo wa 13 ameshavuka), nusu ni watatu. Inakuja 170,500 kwenda tu. Kwenda na kurudi 341,000, na bado hujagusa basi la Mwanza hadi Dodoma, gesti wala maji ya kunywa njiani. Mapenzi yangu yote kwa Dar, kwa laki saba na watu saba sioni mkipona.

Ingekuwa mna ndugu wa kuwapokea ningesema njooni. Je, mnaye?


MamaDoto_Buhongwa

Asante sana kaka, hesabu ya nusu ya mtoto sikuijua. Ndugu yupo Mbagala lakini ana chumba na sebule na watoto watano. Siwezi kumpelekea saba.


Kapteni_Nansio

Shemeji, kama mzee alisoma Ukerewe basi wewe ni wa kwetu, karibu nyumbani.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni meli kutoka bandari ya Mwanza Kaskazini hadi Nansio. Ni kama saa tatu na zaidi majini. Ya pili ni barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, mnavuka kwa kivuko hadi Rugezi, kisha mnaingia Nansio. Kwa watoto nakushauri meli. Wataona Mwanza inavyobaki nyuma na mawe yake, watapita kati ya visiwa, na ile safari yenyewe inakuwa nusu ya likizo. Nauli kila mtu anaimudu ukilinganisha na basi la mbali.

Malazi Nansio ni rahisi. Gesti safi zenye vyumba vya kujitegemea zipo, siyo za anasa. Kwa familia yako chukua vyumba vitatu vilivyo karibu, zungumza bei kwa siku tatu badala ya siku moja, na waombe magodoro ya ziada kabla hujalipa. Chakula hakitakusumbua: sato anatoka majini asubuhi yuko sahani mchana, na machungwa ya Ukerewe mtakula mpaka mtoto aseme basi.

Vya kuona: kilima cha Handebezyo, ukiwa juu unaona ziwa na visiwa kila upande. Na kuna Jiwe Linalocheza, lakini hilo liko kisiwa cha Ukara, ni safari nyingine ya majini kutoka Bugorara. Bibi wa miaka 71 na mtoto wa miaka 4, mimi nisingewapeleka Ukara siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu vyombo. Sisi wa ziwani hatusahau kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996, wala kwa MV Nyerere, 20 Septemba 2018, pale pale karibu na Ukara. Chombo kikionekana kimejaa, msipande, subirini kingine hata kama ni kesho. Boti ndogo pandeni asubuhi ziwa likiwa limetulia. Na kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomtosha, lifungwe. Jaketi la mtu mzima linamchomoka mtoto wa miaka minne, nimeliona kwa macho yangu.


Nesi_Sengerema

Nimesoma "mtakula machungwa" nikajua kinachofuata ni watoto kuruka majini. Mama Doto, tafadhali nisikilize hapa.

Kichocho kipo Ziwa Victoria, na kinapenda sehemu hizo hizo ambazo watoto wanazipenda: kando, maji yametulia, kina kifupi, kuna majani. Konokono wanaokaa kwenye majani ndio wanaotoa vijidudu vinavyopenya ngozi, na inachukua dakika chache tu. Siyo lazima mtoto anywe maji. Kusimama maji ya magotini akichezea makopo kunatosha. Watu wa mjini wanadhani mwenye kichocho lazima akojoe damu. Kwetu huku ziwani aina iliyoenea zaidi ni ile ya matumbo: mtoto anaumwa tumbo, anaharisha, pengine damu kwenye choo, na miaka ikipita ini na bandama vinaharibika.

Sisemi msiende ziwani. Mimi mwenyewe nimekulia huko. Ila mtoto akitaka kuogelea, tafuta bwawa la kuogelea. Ufukweni wacheze mchangani, wale samaki, wapande boti. Kama wameshaingia majini, waandikie tarehe, na baada ya wiki sita hadi nane wapeleke wakapimwe. Ukiwapima kesho yake hutaona kitu. Dawa ipo, ni vidonge vya praziquantel, mtoto anapewa kwa kadiri ya uzito au kimo, na inatibu.

Mengine ni mamba na kiboko. Usiwaulize gesti peke yao, waulize wavuvi wa mwalo huo. Wao ndio wanajua nani kapotea wapi.


DadaWaKirumba

Mimi nina wazo ambalo halina mvuto lakini limenifaa miaka mitatu mfululizo: msilale popote. Malazi ndiyo yanakula hela. Laleni kwenu Buhongwa, kila siku mtoke asubuhi mrudi jioni.

Siku ya kwanza Kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa kamili tangu 2013, na ipo mjini, unapandia boti pale Capri Point, dakika chache umefika. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, jina ni la mzee Saanane aliyekuwa akiishi pale. Kuna swala, pimbi wamejaa kwenye mawe, tumbili, mijusi ya rangi, na ndege. Raia kiingilio chake ni kidogo. Uliza kiingilio na boti kwa pamoja, maana watu hujua kimoja wakashtukia cha pili. Bebeni chakula chenu.

Siku ya pili Bujora, pale Kisesa. Daladala zipo mchana kutwa. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa enzi za Padre David Clement: ngoma za watemi, nyumba ya Kisukuma, banda la kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Na mwezi wa sita ndipo sherehe ya Bulabo inapofanyika, ngoma za Bagika na Bagalu zinashindana, watu wanacheza na nyoka. Mama mkwe wako akiona ngoma ya bugobogobo pale hatakaa chini.

Siku ya tatu bwawa. Hoteli kadhaa za ufukweni Mwanza zinapokea watu wa kutwa. Nyingine unalipia bwawa, nyingine wanakuambia nunua chakula cha kiasi fulani watoto waogelee bure. Aina ya pili ndiyo yenye faida kama mtakula kweli. Uliza pia kama mtoto wa chini ya miaka mitano analipa, maana mara nyingi halipi lakini mtu wa mapokezi asipoulizwa humjumlisha. Nenda Jumanne au Jumatano.

Hayo yote watu saba, na kwenye laki saba hela inabaki.


BabaJunior_Tegeta

Dada wa Kirumba hesabu yako nzuri, ila mtoto akilala kitandani kwake atasema hajaenda likizo. Na mama naye atarudi jioni apike. Likizo ya nani hiyo?


DadaWaKirumba

Kaka, hilo la kupika ni kweli, nakubali. Mimi huwa tunanunua chakula njiani tukirudi. Lakini ni kweli.


MzeeWaChato

Niwakumbushe Rubondo. Kisiwa kizima ni hifadhi tangu 1977, sokwe waliletwa pale miaka ya 60, kuna tembo, twiga, nzohe (swala wa majini), na tai mla samaki kila mti. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kulala foleni ya kivuko. Mnatoka Mwanza, Geita, Chato, mnapandia boti Kasenda. Lakini nikiwa mkweli kwa mama Doto: boti ndiyo gharama. Familia moja ikiibeba peke yake inaumia. Rubondo ni ya koo tatu kuchanga. Mwaka mwingine mkiwa kumi na tano, nitafuteni.


Mwl_Lamadi

Mama Doto, nimekaa Lamadi miaka mingi, geti la Ndabaka lipo pua na mdomo na shule niliyofundisha. Nimepeleka wanafunzi humo mara nyingi. Naomba niandike kwa kirefu kwa sababu hii habari ya "Serengeti ni ya wazungu" imetunyima sisi watu wa kanda ya ziwa kitu kilicho mlangoni kwetu.

Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki Serengeti ni shilingi 10,000 mtu mzima na 2,000 mtoto wa miaka 5 hadi 15, juu yake asilimia 18 ya VAT. Yaani 11,800 na 2,360. Chini ya miaka mitano bure. Watu wazima wenu watatu 35,400. Mkubwa na mapacha 7,080. Huyo wa miaka minne halipi. Jumla 42,480. Mgeni wa kutoka ng'ambo analipa kwa dola, na mtu wake mmoja anazidi familia yako nzima. Huko ndiko maneno yale yalikotoka: watu walisikia bei ya mgeni wakadhani ni yao.

Ila msimsahau dereva. Mkikodi gari na dereva, naye anahesabiwa, ongeza 11,800, mnafika 54,280. Na gari lenyewe linalipiwa, lenye namba za Tanzania linalipa kwa shilingi kulingana na uzito. Bei za hifadhi hupitiwa, kwa hiyo thibitisheni kabla. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, noti hazipokelewi getini. Wote wazima wabebe vitambulisho vya taifa, na watoto vyeti vya kuzaliwa au nakala zake. Nimeshuhudia mzee wa Kitanzania akibishana pale nusu saa kuthibitisha uraia wake. Anayeingia saa nne ameuza asubuhi yake bure. Fikeni geti linapofunguliwa, saa 12 asubuhi.

Sasa sababu ya kusema Juni. Nyumbu wakitoka kusini mwa Serengeti kuelekea kaskazini, kundi kubwa hupita ukanda huu wa magharibi, kati ya Mei na Julai, na huvuka mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Ni mwezi huo huo shule zimefungwa. Watu wanalipa mamilioni kuja kuona jambo hilo kutoka upande wa Arusha, na nyinyi mko kama saa mbili za lami. Mkija Desemba sikushauri kwa Noah: udongo wa huku ni mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha gari dogo linaganda na mtakaa hapo mkisubiri trekta. Juni kumekauka.

Msijaribu kufika Seronera, katikati ya hifadhi. Ni zaidi ya kilomita mia kutoka getini, mwendo hauruhusiwi kuzidi 50 kwa saa, mtakuwa mnakimbiza gari badala ya kutazama. Zungukeni upande wa mto mpaka mchana, mrudi pole pole. Twiga, pundamilia, nyati, viboko na ndege hawakosekani. Tembo siwezi kuahidi kwa saa na dakika, lakini upande huu wapo.

Vitu vidogo: msivae nguo za bluu wala nyeusi, mbung'o wanazifuata na wanauma kupitia shati. Mifuko ya plastiki acheni, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019, bebeni vikapu na vyombo. Watoto wakojoe getini na kwenye vituo, maana katikati hakushukwi. Bibi akae kiti cha mbele au dirishani.

Malazi: laleni Lamadi usiku wa kabla, siyo ndani. Ndani kuna kambi za hema za umma, lakini kwa bibi na mtoto mdogo baridi ya alfajiri na fisi wanaolia siyo mwanzo mzuri. Lamadi gesti ni nyingi. Chagua iliyo mbali na barabara kuu, malori yanapita usiku kucha kwenda Sirari, na kagua chumba saa za usiku kabla ya kulipa, siyo mchana. Chumba kizuri mchana kinaweza kuwa na baa ukutani ikifika saa tatu.


MamaDoto_Buhongwa

Shikamoo Mwalimu. Nimemsomea mama mkwe maelezo yako yote kwa sauti. Ulipofika pa 11,800 akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi miaka yote hiyo ilikuwa bei ya kuku mmoja."

Swali: gari. Na je, pacha mmoja anatapika garini, itakuwaje humo ndani?


Mwl_Lamadi

Marahaba mama. Gari: msikodi Mwanza landikruza ya kitalii, itawamaliza. Noah iliyo juu kidogo na yenye matairi mazima inatosha Juni kwenye barabara kuu za ndani, mradi dereva amewahi kuingia. Ulizeni dereva swali hili: mara ya mwisho aliingia lini na alitokea geti gani. Akijikanyaga, tafuteni mwingine. Bei kubalianeni ya siku mbili pamoja na mafuta, na muandikiane. Anayekuambia "mafuta tutaona huko" atakuonyesha huko.

Anayetapika: ale kidogo, chapati kavu na tangawizi, akae mbele, dirisha wazi. Mwendo ni wa pole, humo ndani huwa wanapona kuliko barabarani.


Nesi_Sengerema

Dawa ya kichefuchefu apewe nusu saa kabla ya kuondoka, siyo akianza kutapika. Muulizeni mfamasia kipimo cha umri wake. Na maji ya kunywa mbebe ya kutosha, bibi hasa. Wazee hawasikii kiu mapema.


Kapteni_Nansio

Mwalimu ameniharibia biashara ya kisiwa. Lakini kwa bibi yule, shemeji, nami napiga kura Ndabaka. Ukerewe haiendi popote.


MkweWaMagu

Kidogo tu kwa mama Doto. Mwaka jana tulilipia kwa simu vyumba viwili vya "kuona ziwa" mahali fulani, hela yote, tukafika tukaona ukuta na kipande cha bati. Hela haikurudi. Sasa hivi sitoi zaidi ya robo, na naomba video ya chumba hicho hicho ikipigwa nikiwa kwenye simu, mlango hadi dirisha. Wenye chumba kweli hawakatai. Halafu mkitoka Mwanza mtapita Kisesa, ni njia hiyo hiyo ya Magu. Bujora mnaweza kuiweka siku ya kwenda, saa mbili zinatosha, mkafika Lamadi jioni.


MamaDoto_Buhongwa

Wakuu, nimerudi kwenye uzi. Tumekwenda, tumerudi Jumamosi, wote wazima. Naandika kwa utaratibu ili anayefuata afaidike.

Ijumaa tuliondoka saa nne, tukasimama Bujora. Ngoma za sherehe hatukuzikuta siku hiyo, lakini mzee anayeongoza wageni aliwapa watoto ngoma wapige, na mama mkwe akaanza kuwasahihisha. Lamadi tukafika jioni. Gesti ya kwanza nilikagua usiku kama Mwalimu alivyosema, nikasikia muziki, tukahamia ya pili. Vyumba viwili na godoro la ziada, 75,000. Nimeomba wapunguze kwa kuwa watoto ni wanne, wakapunguza 5,000 na chai ya asubuhi wakawahi kuitoa saa kumi na moja. Nilifurahi sana na hilo.

Gari la siku mbili na dereva na mafuta tulikubaliana 320,000. Ndiyo gharama kubwa kuliko zote, sitaficha. Viingilio vyetu na dereva vilikuwa 54,280 kama tulivyohesabu, gari likalipiwa peke yake. Chakula cha hifadhini nilipika mwenyewe usiku, maandazi, mayai, viazi vitamu, na michembe (viazi vilivyokaushwa) ya bibi. Jumla ya safari haikufika laki sita. Iliyobaki tukaenda Saanane Jumapili baada ya ibada, na mkubwa akapata bwawa Jumanne, kwa utaratibu wa DadaWaKirumba wa kununua chakula. Ameridhika, ingawa Kunduchi bado anaitaja.

Nyumbu tuliwaona. Sijui niseme vipi. Watoto walianza kuhesabu wakaacha. Ulikuwa mlio, mlio tu, kama umati wa watu wanaonung'unika mbali, na vumbi lake. Pacha anayetapika hakutapika.

Tembo hawakuonekana asubuhi. Saa sita mchana bado. Nikawa namtazama mama mkwe kwenye kioo, ametulia, mikono kwenye mapaja. Saa nane tukiwa tunarudi, dereva akapunguza mwendo. Walikuwa kwenye miti upande wa kushoto, wakubwa na watoto wao wawili, wanavunja matawi hawana haraka. Mama mkwe akamwomba dereva azime gari. Akakaa kimya muda mrefu sana, mpaka wa miaka minne akaacha kuuliza maswali. Halafu akasema, taratibu, kama anaongea nao, "Kumbe mchana mna macho."

Hakueleza na hatukumuuliza. Usiku nyumbani aliwasimulia majirani habari ya mihogo yake upya, na safari hii hakumlaumu tembo yule.

Risiti ya getini ameichukua yeye, ameifunga kwenye kanga pamoja na kitambulisho chake.

Mwalimu, asante. Nesi, hakuna aliyeingia ziwani. Kapteni, Baba Doto ameshaweka elfu kumi kwenye kibubu kipya na anauliza: Desemba meli ya asubuhi kwenda Nansio inaondoka saa ngapi, na tiketi za watoto mnakata siku hiyo hiyo au kabla?


Kapteni_Nansio

Shemeji, Desemba watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, meli hujaa. Kateni kabla, na mje wiki moja mapema kabla ya sikukuu. Ratiba nitaiweka hapa ikitoka. Mwambie mzee wale samaki wa mwaloni bado wapo, na kiti cha bibi juu, upande wa kivuli, nitakiangalia mwenyewe.